Shati Lililo Sawa na Mwili Wako

Hotuba ya Katibu wa Chama Kikuu mbele ya wanachama, katika kuadhimisha miaka 10 ya Chama



Wasemaji waliotutangulia wamekwisha kueleza habari za bei, za mbegu, za maghala, na za madeni yaliyolipwa, nasi hatuna haja ya kuyarudia. Sisi wa ofisi tumepewa nafasi ya kunena juu ya jambo ambalo huenda wengine wakaliona dogo kwa siku kubwa kama hii, nalo ni shati. Twataka kueleza jinsi mtu awezavyo kupata shati linalomkaa sawasawa, ama kwa kulishona mwenyewe, ama kwa kushonewa na fundi. Twaomba mtuvumilie, maana jambo hili liliwahi kutugharimu fedha zenu, na yatupasa kuwapa hesabu yake.

Katika mwaka wa tano wa Chama, Halmashauri ilikubali kwamba makarani wa mizani na wajumbe wa vyama vya msingi wapewe mashati ya rangi moja, ili mkulima afikapo kituoni apate kumtambua mara moja mtu wa Chama. Wazo lilikuwa jema. Watu wenyewe walikuwa 64. Sisi wa ofisi tukaona kwamba kuwapima watu 64 waliotawanyika vijijini ni kazi kubwa, basi tukaandika barua mjini, tukaagiza mashati yaliyokwisha kushonwa, ya vipimo vitatu: madogo, ya kati na makubwa. Nani apewe lipi, tulikadiria kwa macho, na wengine tuliwakadiria kwa kukumbuka sura zao tu.

Mashati yakaja yamekunjwa vizuri ndani ya karatasi, nasi tukafurahi. Furaha hiyo ilidumu hata siku ya kugawa. Warefu walipata mashati yaliyowatosha mabegani, lakini mikono yake iliishia mbali na vifundo. Wanene walifunga vifungo vya kifuani, na vya tumboni wakaviacha wazi. Wembamba walionekana kama waliovaa nguo za kaka zao. Wanawake 11 waliokuwa miongoni mwao hatukuwafikiri hata kidogo, kwani mashati yote yalikatwa kwa mwili wa mwanamume. Tena baada ya kufuliwa mara mbili, hata yale yaliyokuwa sawa yakarudi nyuma kwa urefu na kwa shingo. Mashati 23 hayakuvaliwa tena.

Katika mkutano mkuu uliofuata, mzee mmoja alisimama akatuuliza: "Ndugu Katibu, mimi niletapo pamba yangu, mwaipima kwa mizani, wala hamkadirii kwa macho. Je, mtu ana thamani ndogo kuliko gunia?" Watu wakacheka, lakini sisi hatukucheka, maana hatukuwa na jibu. Swali lake tuliliandika katika kumbukumbu za mkutano, na limo humo mpaka leo.

Ndugu wanachama, ushirika wenyewe ulizaliwa katika habari ya vipimo. Huko Rochdale, Uingereza, mwaka 1844, watu waliofungua duka dogo la ushirika walikuwa mafundi, na baadhi yao ni wafumaji wa nguo. Moja ya kanuni zao ilikuwa kuuza kwa uzito kamili na kipimo kamili. Na hapa kwetu Kanda ya Ziwa, mwanzoni mwa miaka ya 1950, wakulima wa pamba waliweka watu wao wa kusimamia mizani, kwa kuwa walichoka kupunjwa. Kutokana na juhudi kama hizo, mwaka 1955 viliunganishwa vyama vya wakulima vya jimbo hili katika Shirikisho la Victoria. Wazee wetu hawakudai kupendelewa. Walidai kupimwa kwa haki. Basi ni aibu kwa sisi, warithi wao, kusahau kipimo pale ilipohusu miili ya watu wetu wenyewe.

Tena liko jambo la pili. Sisi ni wakulima wa pamba. Kilo 3 za pamba mbegu, zikichambuliwa, hutoa kadiri ya kilo 1 ya pamba nyuzi, na zilizobaki karibu zote ni mbegu. Shati la mtu mzima huwa na uzito wa gramu 200 hadi 250. Hata tukitoa kinachopotea katika kusokota, kufuma na kukata, twaweza kusema kwamba kilo moja ya pamba tuliyoichuma yatosha shati moja. Sehemu kubwa ya pamba nyuzi ya nchi yetu huuzwa ng'ambo, kisha nguo huturudia. Hatuwezi kulibadili jambo hilo kwa hotuba moja. Lakini kujua kitambaa na kipimo chako hakungoji kiwanda. Kwaweza kuanza leo jioni, nyumbani, kwa futi moja ya fundi na daftari.

Twaanza na kujua mwili wako. Vipimo vinavyohitajiwa kwa shati ni vichache, lakini kila kimoja kina namna yake. Mtu asijipime mwenyewe, apimwe na mwingine. Asimame kama asimamavyo siku zote, bila kujitutumua wala kuvuta tumbo ndani. Mifuko iwe mitupu, na avae nguo nyepesi.

Shingo: futi izungushwe mahali utakapokaa ukosi, au kola kama wengi wasemavyo, na vidole viwili viingie kati ya futi na shingo.

Mabega: pima mgongoni, toka ncha ya mfupa wa bega moja hata ncha ya mfupa wa bega la pili. Hapa ndipo wengi hukosea, nalo kosa la bega ni gumu kulitengeneza kuliko yote. Mkono mrefu hufupishwa, ubavu uliobana huachiwa, lakini bega lililokatwa vibaya hutaka shati lifumuliwe na kukatwa upya.

Kifua: futi ipite chini ya kwapa na juu ya mifupa ya mgongoni. Kwa shati la kawaida huongezwa inchi 4 hadi 6 za nafasi, ili mtu apate kupumua na kujinyoosha. Mwenye kifua cha inchi 38 atafaa shati lenye mzunguko wa inchi 42 hadi 44. Tumbo na nyonga navyo vipimwe, na pale palipo papana kuliko kifua ndipo pafuatwe.

Mkono: kiwiko kikunjwe kidogo, kisha pima toka mfupa wa bega, kupitia kiwiko, hata kifundo. Mkono ulionyooshwa hudanganya, na ndiyo sababu mashati mengi hupanda juu mtu anapoandika au anaposhika mpini wa jembe. Kifundo nacho kizungushiwe futi, ili sijafu isibane wala kupwaya.

Urefu: pima toka mfupa wa nyuma ya shingo hata mahali unapotaka shati liishie. La kuchomekwa huwa refu kuliko la kuachwa nje.

Baada ya hayo, mtazame mtu kwa nyuma. Mkulima aliyebeba mizigo miaka mingi juu ya bega moja huenda bega hilo likawa chini ya lingine. Aliyeinamia jembe toka utoto huwa mpana mgongoni kuliko kifuani. Si kilema, wala si jambo la kuonea haya. Ni historia ya kazi yake, na fundi akiambiwa mapema ataliweka katika kukata.

Vipimo vyote viandikwe. Wahenga wamesema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari, nasi twaongeza kwamba na kipimo vilevile. Andika jina, tarehe na hesabu zote, kisha upime mara ya pili. Hesabu zikitofautiana, pima mara ya tatu.

Sasa twaja kwenye kitambaa. Wengi wetu tumeuziwa kitambaa kwa jina la pamba, kumbe pamba hamna, au imo kidogo. Iko njia rahisi ya kujua. Chomoa nyuzi mbili tatu ukingoni, uzichome mbali na kitambaa. Uzi wa pamba huwaka kama karatasi, hunuka kama karatasi iliyoungua, na huacha majivu laini. Uzi wa plastiki huyeyuka, na huacha kidonge kigumu cheusi. Nyuzi zilizochanganywa hufanya yote mawili. Hatusemi kwamba kitambaa cha mchanganyiko ni kibaya: hakikunjamani upesi, na hukauka haraka. Lakini katika jua la shambani pamba hunyonya jasho, na mnunuzi ana haki ya kujua alipiacho.

Kitambaa cha pamba kilowekwe majini na kukaushwa kabla ya kukatwa. Jambo hili laonekana dogo, nalo ndilo lililotuangusha. Kitambaa kikipungua kwa sehemu 3 tu katika 100, shati la urefu wa inchi 30 litapungua karibu inchi nzima, na ukosi wa inchi 16 utapungua karibu nusu inchi, yaani mtu atanyongwa na shati lake mwenyewe. Ndoo moja ya maji ingalituokolea mashati mengi.

Kwa mwanamume wa kimo cha kati, shati la mikono mirefu huhitaji mita 2 na robo za kitambaa chenye upana wa inchi 45, au mita 1 na robo tatu za chenye upana wa inchi 60. Kwa hiyo, kabla ya kuulizia bei ya mita, ulizia upana. Kitambaa cha mistari au miraba kiongezwe kidogo, ili mistari ipate kukutana kifuani.

Sasa habari ya kwenda kwa fundi. Fundi wa cherehani ni mtu wa heshima, na wengi wao hufanya kazi njema, lakini mteja asiyejua atakacho humtia fundi katika kubahatisha. Chukua shati lako linalokukaa vizuri kuliko yote, hata likiwa limechakaa, umwonyeshe. Mweleze pia kasoro zake: hapa lanibana, hapa lapwaya. Kisha akupime. Fundi akitaka kukukadiria kwa macho, mwambie kwa upole kwamba Katibu wenu alifanya hivyo, na wanachama wakamuuliza.

Usiagize mashati sita kwa mara moja. Agiza moja, ulivae, ulifue, ulivae tena. Ukiridhika, agiza mengine kwa kipimo hichohicho. Patana bei na siku, na mpatane iandikwe. Lipa sehemu mwanzo, na sehemu ibaki. Omba lipigwe bandi kwanza, upate kulijaribu kabla ya kushonwa kabisa, kwa kuwa uzi wa bandi hufumuliwa kwa dakika moja, na mshono wa cherehani huacha matundu. Tena msiende kwa fundi siku tatu kabla ya Idi au Krismasi, halafu mkamwita mwongo. Wateja wote wa mji humjia siku hizo, naye ana mikono miwili tu.

Siku ya kujaribu, usisimame tu mbele ya kioo kama anayepigwa picha. Inua mikono, inama, kaa kitini, peleka mikono mbele kana kwamba wapalilia. Kisha tazama mikunjo, maana huonyesha kosa lilipo. Vifungo vikivutana kifuani, kitambaa hakitoshi hapo. Mikunjo ikishuka toka shingoni kwenda kwapani, mabega yako yameinama kuliko mabega ya shati. Mshono wa bega ukianguka juu ya mkono, bega ni pana mno. Ukosi ukisimama mbali na shingo ya nyuma, shingo haikukatwa sawa.

Liko jambo moja ambalo wengi huliamini kinyume. Hudhani kwamba tundu la mkono likikatwa chini sana, mkono utakuwa huru. Sivyo. Tundu likiwa chini, mkono hushikana na ubavu, na mtu akiinua mkono shati zima hupanda na kutoka katika suruali. Tundu likikaa juu, karibu na kwapa lakini bila kulikata, mkono huenda peke yake na shati hubaki mahali pake. Wazee wa pwani waliyajua haya katika kanzu. Kanzu haina badani za mbele na nyuma tu, bali ina taharizi za ubavuni, na chini ya mkono hutiwa kikwapa, kipande kidogo kinachoupa mkono nafasi ya kuinuka pasipo kuivuta nguo yote. Mkulima mwenye mgongo mpana aweza kumwomba fundi amtilie kipande kama hicho katika shati lake la kazi, au amwekee mapindo mawili mgongoni, chini ya kipande cha mabegani, yafunguke anapoinama.

Sasa twawageukia wale watakaoshona wenyewe. Tunawatia moyo wanaume kwa wanawake. Kushona si kazi ya jinsia moja, na vibaraza vya maduka yetu vimejaa mafundi wanaume. Anayeanza asianze na kitambaa kizuri. Achukue shati lililochakaa ambalo lilimkaa vizuri, alifumue mshono kwa mshono, wala asilipasue. Vipande avipige pasi, avitandaze juu ya karatasi ngumu, avichore, na aandike jina la kila kipande. Kama vile vipande vina akiba yake ya mshono, asiongeze tena. Kama imekwisha kuliwa na uchakavu, aongeze nusu inchi pande zote, na ubavuni inchi moja. Hiyo ya ubavuni ni akiba ya maisha: mtu hunenepa, naye shati lake litaachiwa.

Vipande vilazwe juu ya kitambaa kwa kufuata mtande, yaani nyuzi zinazokwenda sambamba na ukingo uliofumwa kiwandani. Kipande kikikatwa mshazari, shati litajipinda mwilini baada ya kufuliwa, na hakuna pasi itakayolinyosha. Kwanza shona shati la majaribio kwa kitambaa cha bei ndogo, marekani au shuka kuukuu. Lipige bandi, livae, rekebisha, kisha uyahamishe marekebisho hayo kwenye karatasi. Hapo ndipo uishike nguo yenyewe. Karatasi hiyo ikitunzwa vizuri, itakupa mashati ya miaka mingi.

Katika kushona, mishono 10 hadi 12 katika inchi moja yafaa kwa shati. Ikiwa michache, mshono hufumuka. Ikiwa mingi mno, kitambaa hujikunja. Ukosi na sijafu ndizo zilizo ngumu, basi azizoee kwanza kwa vipande vya takataka. Vifungo vishonwe na shina dogo la uzi chini yake, visikazwe mpaka kitambaa kikakunjamana. Na kifungo kimoja cha akiba kishonwe ndani ya pindo la chini.

Kwa sare za shule, wazazi wengi hununua shati kubwa kwa hoja kwamba mtoto atakua. Hoja ni ya kweli, lakini mtoto huwa anavaa gunia mwaka wa kwanza, na mwaka wa pili shati limekwisha kuraruka. Afadhali mabega na shingo viwe karibu na kipimo, na akiba iwekwe katika mikono, ubavuni na katika pindo la chini, ikunjwe ndani kwa mshono mwepesi. Mtoto akirefuka, mshono hufumuliwa jioni moja.

Najua, ndugu wanachama, kwamba wako watakaosema: "Mitumba ni rahisi, kwa nini tujisumbue?" Swali hilo ni la haki, nasi wenyewe huvaa mitumba. Mwenye fedha kidogo asione haya. Lakini achague kwa akili: atazame mabega kwanza, kwa kuwa mengine yote fundi aweza kuyapunguza. Shati la mtumba lililo pana ubavuni, likipelekwa kwa fundi na kubanwa, laweza kukaa vizuri kuliko jipya la dukani. Tena bei ihesabiwe kwa miezi ya kuvaa. Tuseme shati moja lina bei ya nusu ya lingine, lakini lachakaa kwa miezi 6, na lile lingine ladumu miezi 24. Lililo la nusu bei ndilo ghali, maana katika miezi hiyo 24 mtu atalinunua mara nne, na atakuwa ametoa fedha mara mbili ya mwenzake.

Sasa twamalizia hesabu yetu tuliyoianza. Baada ya swali la yule mzee, Halmashauri ilimwita mama mmoja mwanachama, fundi wa cherehani katika chama cha msingi, aliyejifunza kazi hiyo kwa marehemu mumewe. Tulimkabidhi yale mashati 23. Akayatazama, akatuambia kwa upole kwamba 14 yaweza kuokolewa, na 9 hayawezi ila kwa kutoa vipande. Akafanya kama alivyosema. Kisha katika msimu wa ununuzi akazunguka vituo vyote pamoja na gari la Chama, akawapima watu wote 64 katika siku zao za kazi, na kuandika vipimo vyao katika daftari. Daftari hilo liko ofisini. Humo hakuna watu wawili wenye vipimo vilivyo sawa kuanzia shingo hata kifundo. Sisi tulidhani watu ni wa namna tatu.

Tangu hapo mashati ya Chama yameshonwa mara mbili, na fundi huyo akisaidiwa na vijana wawili wanaojifunza kwake. Katika awamu hizo mbili hakuna shati lililorudishwa. Fedha zilizolipwa kwa kazi hiyo zilibaki vijijini mwetu.

Ndiyo sababu Halmashauri italeta mbele ya Mkutano Mkuu ujao shauri la kununua vyerehani 4 vya miguu, vikae katika ghala dogo la zamani, na fundi alipwe kufundisha vijana na wanachama siku 3 kwa juma. Hatuji kuwaficha mambo. Wako wajumbe waliopinga, wakisema kwamba Chama hiki ni cha pamba, si cha cherehani. Wengine wamekumbusha kwamba mali ya wote hulindwa na wachache, na kwamba vyerehani visivyo na mwangalizi vitakuwa chuma cha kuuza kwa mizani kabla ya miaka mitatu. Maneno yao si ya kupuuzwa, nasi tumeyaweka katika shauri lenyewe: pawe na mtu mmoja wa kuwajibika, pawe na daftari la matumizi, kila anayejifunza atoe ada ndogo ya mafuta na sindano, na hesabu isomwe kila mkutano. Pasipo masharti hayo, sisi wenyewe tutawaomba mlikatae.

Uamuzi ni wenu. Fedha ni zenu, nasi tulikwisha kuzitumia vibaya mara moja kwa kuona uvivu wa kupima. Hatutaki kulirudia kosa hilo kwa haraka ya kutaka sifa.

Kabla hatujaketi, twataka kuwaambieni jambo moja. Yule mzee aliyetuuliza swali hakuwamo katika orodha ya watu 64. Lakini siku fundi alipofika kituoni kwao, alipanga foleni pamoja na makarani, akatoa fedha yake mwenyewe, akasema: "Na mimi nipimwe." Bega lake la kulia liko chini ya la kushoto kwa karibu inchi moja, kwa kuwa alibeba magunia miaka mingi kabla njia ya gari haijafika kwao. Fundi akaliandika, akakata kwa kulifuata. Leo mzee ameketi mstari wa mbele, na shati hilo analo mwilini. Mkimtazama hamtaona tofauti ya mabega yake.

Twawatakieni wanachama wote mavuno mema, mizani ya haki, na kila mmoja shati la kipimo chake.

Udumu ushirika wetu.